Matamko ya viongozi wa dini hayamwongezei mlinzi mshahara: wafanya usafi wa London walifanyaje?

Mtu wa Alfajiri (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Mei Mosi ikikaribia tunasikia yale yale. Askofu anakumbusha kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake, shehe naye anasema mfanyakazi alipwe kabla jasho halijakauka, waumini wanaitikia, kapu la sadaka linapita, watu wanatawanyika. Pale getini yupo mlinzi aliyeingia lindo jana saa kumi na mbili jioni na hajui mshahara wa mwezi uliopita utatoka lini. Hakuna aliyemuuliza. Na mara nyingi anayemlipa, kwa kupitia kampuni ya ulinzi, ni nyumba hiyo hiyo ya ibada.

Sina ugomvi na mahubiri. Ninachosema ni kwamba misikiti na makanisa yana nguvu ya kupandisha mishahara ambayo hayajaigusa kabisa, na nguvu hiyo haikai kwenye tamko. Niliishi London Mashariki, nikafanya usafi maofisini usiku kama wengi waliofika kule na vyeti visivyotambulika, na parokia niliyosali ilikuwa ndani ya jambo hili. Nitaeleza ya huko kwa kirefu, mnivumilie.

Canary Wharf ni minara ya mabenki iliyojengwa kwenye gati za bandari ya zamani, ndani ya Tower Hamlets, mtaa wenye umaskini mkubwa. Mchana unaona suti. Ukipanda basi namba 25 kutoka Ilford saa kumi alfajiri unaona watu wengine kabisa: Wanigeria, Waghana, Wabangladeshi, Wakolombia, na sisi wachache wa Kiswahili, Wakongo na Watanzania, kila mtu kaegemeza kichwa kwenye kioo. Wanaotoka zamu na wanaoingia zamu wamo kwenye basi moja.

Uingereza ilianza kuwa na kima cha chini cha taifa Aprili 1999, paundi 3.60 kwa saa. Oktoba 2001 kikafika 4.10. Kwa bei za London hiyo ni kodi ya chumba na nauli, basi. Kwa hiyo mtu alishika kazi mbili: ofisi usiku, hospitali au hoteli mchana. Watoto wanaamka hayupo, wanalala hayupo.

Sasa, tangu 1996 kulikuwa na umoja mmoja uitwao TELCO, wa taasisi za London Mashariki: parokia za Kikatoliki, makanisa ya Kianglikana na Kimethodisti, East London Mosque ya Whitechapel, shule, na matawi ya vyama vya wafanyakazi. Ulikopa mbinu kutoka Marekani, kwenye mtandao ulioasisiwa na Saul Alinsky kule Chicago mwaka 1940. Mtandao huo huo ndio uliokuwa nyuma ya makanisa ya Baltimore, ambayo mwaka 1994 yaliibana manispaa ikapitisha sheria kwamba kampuni yenye zabuni ya jiji iwalipe watu wake mshahara unaozidi kima cha chini. Baltimore waligundua jambo dogo tu: waliokuja kanisani kupanga foleni ya chakula cha msaada hawakuwa wasio na kazi. Walikuwa na kazi.

London nako walianza hivyo hivyo, kwa kuulizana. Watu wawili wawili, ukumbini au sebuleni, nusu saa. Mimi aliniuliza mama mmoja mzee wa parokia. Hakuniuliza nina shida gani. Aliniuliza basi la kwanza napanda saa ngapi na nikirudi namkuta nani nyumbani. Ukishajibu maswali hayo mawili, mengine yote yanatoka yenyewe. TELCO walipokusanya majibu ya namna hiyo mwaka 2001, walikuta kinachovunja familia za waumini si ushirikina wala televisheni. Ni saa za kazi na malipo. Wakakaa na watafiti, wakapiga hesabu ya kodi, chakula, nauli na malezi ya watoto, wakapata kiwango chao: mshahara wa kujikimu.

Hapa ndipo penye utamu. Ukiwaendea mabenki, wanakujibu: hawa si wafanyakazi wetu, ni wa kampuni ya usafi. Ukiiendea kampuni ya usafi, inasema: nikipandisha mimi peke yangu, zabuni ijayo ananinyang'anya mwenzangu. Na wote wawili wanasema kweli! TELCO hawakupoteza muda na mkandarasi. Walimfuata mwenye fedha, yule anayeandika bei kwenye zabuni.

Kwa utaratibu wa kampuni za hisa, mwanahisa wa hisa moja ana haki ya kuingia mkutano mkuu wa mwaka, na anaweza kumtuma mwingine kwa niaba yake. Mwaka 2003, kwenye mkutano mkuu wa HSBC, alisimama Abdul Durrant, mfanya usafi wa usiku wa makao makuu ya benki hiyo, akamwambia mwenyekiti Sir John Bond kwamba yeye ndiye anayesafisha ofisi yake, wanatumia ofisi moja lakini kila mmoja anaishi dunia yake. Ukumbi mzima wa wanahisa, na magazeti nyuma. Mwaka uliofuata benki ikakubali kuboresha malipo na masharti ya wafanya usafi wake.

Wanasiasa nao walipelekwa hivyo hivyo. Mgombea umeya anaitwa kwenye ukumbi uliojaa, anapandishwa jukwaani, anaulizwa swali moja, ajibu ndiyo au hapana. Haruhusiwi hotuba. Kabla ya hapo kila taasisi imeshasimama na kutaja imekuja na watu wangapi. Mwaka 2005 ofisi ya Meya Ken Livingstone ikaanza kutangaza kiwango cha London kila mwaka, cha kwanza kikiwa paundi 6.70. Alipokuja Boris Johnson, wa chama pinzani, hakukifuta. Mwaka 2011 ikaundwa taasisi ya kuwapa hati waajiri wanaolipa kiwango hicho kwa hiari. Aprili 2016 serikali ya Conservative ikalichukua na jina lenyewe, ikaita kima chake kipya mshahara wa kujikimu wa taifa, paundi 7.20, ingawa kwa hesabu za wanaharakati haukuwa umefika. Pengo bado lipo: kuanzia Aprili 2025 sheria ilisema 12.21, wakati kiwango cha hiari cha London kilichotangazwa Oktoba 2024 kilikuwa 13.85.

Na kwa wanaodhani haya ni mambo ya wazungu: aliyeongoza tume ya kuchunguza mshahara wa kujikimu Uingereza mwaka 2013 hadi 2014 ni John Sentamu, wakati huo Askofu Mkuu wa York, Mganda aliyewahi kuwa hakimu nyumbani kabla ya kuukimbia utawala wa Idi Amin.

Kwetu nyumba za ibada zina kila kitu hiki. Watu wanakutana kila wiki bila kulipwa posho, na dereva wa bodaboda anakaa safu moja na mkurugenzi wa benki. Chama cha wafanyakazi hakina kitu kama hicho. Kwa nini tunaishia kwenye tamko?

Karibuni.

---

Chaki Nyeupe

Mkuu, uzi mzuri lakini umeruka sehemu inayouma. Mimi ni mwalimu wa shule ya taasisi ya dini, siitaji. Kila Januari tunasainishwa mkataba wa mwaka mmoja. Desemba unaisha, likizo haina mshahara, Januari unasaini upya kama mgeni. Tukiuliza tunaambiwa huu ni utume. Makato ya NSSF yapo kwenye karatasi ya mshahara, ukienda kucheki salio miezi mingine hayapo.

Siku paroko au imamu wetu atakaposimama kumwambia mwenye kiwanda alipe vizuri, mwenye kiwanda atauliza swali moja tu: wewe walimu wako unawalipa shilingi ngapi? Utajibu nini?

---

Mtu wa Alfajiri

Chaki Nyeupe, sijaruka, nilikuwa naiacha mtu aliye ndani aiseme. Na hiyo hiyo iliwakuta Waingereza, tena hadharani. Februari 2015 maaskofu wa Kianglikana walitoa barua ya kuhimiza mshahara wa kujikimu. Wiki haijaisha magazeti yakachapisha matangazo ya kazi ya makanisa makuu yao wenyewe, malipo yako chini ya kiwango hicho. Septemba 2018 Askofu Mkuu Justin Welby akaenda mkutano wa vyama vya wafanyakazi Manchester, akaishambulia Amazon na mikataba isiyomhakikishia mtu hata saa moja ya kazi. Kesho yake ikafichuka kwamba kanisa lake lina hisa Amazon na baadhi ya makanisa makuu yanaajiri kwa mikataba hiyo hiyo.

Wengine walicheka wakasema basi wafunge midomo. Mimi naona kinyume. Aibu ile ilifanya kazi ambayo barua haikuifanya, kwa sababu ndani ya makanisa watu walianza kuuliza nani anafagia hapa na analipwa ngapi. Askofu akishasema hadharani, mfagizi wake amepata fimbo. Asiyesema kabisa huwezi kumshika popote.

---

Kofia ya Kiua

Assalaam aleykum. Nikubaliane na mwanzisha uzi kwa sehemu. Kwetu Waislamu jambo hili halina hata mjadala wa kifiqhi. Kuna hadithi qudsi ndani ya Bukhari inayotaja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake yote, kisha hakumpa ujira. Mgomvi wako ni Allah! Hakuna mahakama ya kazi inayofikia hapo.

Tatizo ni kwamba tunaisoma kwa mwajiri wa mbali. Ustadhi wa madrasa mtaani kwetu anafundisha watoto sitini, malipo yake ni kile wazazi wanachotuma Ijumaa, wengine hawatumi. Muadhini anaishi kwenye chumba cha msikiti, na hicho chumba ndicho kinahesabiwa mshahara. Kamati ikiulizwa inasema anatafuta radhi za Mungu. Sawa, na kamati nayo si itafute radhi hizo hizo kwa kumlipa?

Ila usisahau tofauti. London wale walikuwa wachache kwenye nchi ya watu, msikiti na kanisa vilihitajiana. Hapa kila mmoja ana nguvu yake na anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni.

---

Mtu wa Alfajiri

Waaleykum salaam. Hilo la jicho la pembeni lipo, ila tumeshawahi kulishinda. Mwaka 2008 BAKWATA, CCT na TEC walitoa kwa pamoja ripoti kuhusu dhahabu yetu, nani anafaidika nayo na nchi inapata nini. Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki kwenye jalada moja, na mjadala wa mikataba ya madini ulichangamka kweli. Kama tuliweza kukaa meza moja kwa ajili ya mrabaha, tutashindwaje kwa ajili ya mshahara wa mlinzi? Nadhani tofauti ni kwamba mrabaha unadaiwa kwa mzungu. Mshahara wa mlinzi unadaiwa kwetu sisi tulioko humu.

---

Mama Duka Mbezi

Nyinyi semeni tu. Mimi nina duka na nina dada wa kazi nyumbani. Anakula kwangu, analala kwangu, akiumwa nampeleka hospitali. Mkinipandishia mshahara wake namrudisha kwao, kesho mnamkuta barabarani. Nani atakuwa amesaidiwa? Halafu tusifananishe benki ya London na mimi ninayekopa VICOBA.

---

Lindo la Tegeta

Nimesoma yote. Mimi ndiye huyo mlinzi mnayemzungumzia, nawaandikia nikiwa lindoni, simu nimepunguza mwanga.

Naingia kumi na mbili jioni natoka kumi na mbili asubuhi, siku sita. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, zikizidi ulipwe moja na nusu. Mimi zangu zinafika 72, na hiyo moja na nusu sijawahi kuiona. Mvua ikinyesha najikinga chini ya paa la jenereta. Buti nimekatwa kwenye mshahara, koti pia. Mwenzangu wa mchana akichelewa nabaki, kwa sababu nikiacha lindo wazi nakatwa siku tatu.

Mwenye jengo ni mtu mwema, simsemi vibaya. Sikukuu ananiletea pilau na soda. Siku moja alinitajia anachoilipa kampuni kwa mwezi kwa ajili ya lindo hili. Nilinyamaza. Ni zaidi ya mara mbili ya jumla ya tunachopata mimi na mwenzangu wa mchana. Yeye anaamini ananilipa vizuri, kumbe fedha inaishia njiani.

Kwa hiyo ile ya kumfuata mwenye fedha na si mkandarasi, mimi niliielewa kabla mwanzisha uzi hajamaliza kuieleza.

---

Kijiti cha Ilala

Mama Duka, pole kwa biashara ngumu, lakini tuweke namba mezani. Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilisema mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida asilipwe chini ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Elfu sitini. Ndicho kiwango kilichowekwa wakati ule, na humu ndani wako wanaolipa 40,000 na kusema anakula kwangu. Serikalini kima cha chini kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na sekta binafsi ikatangaziwa wastani kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026. Dada wa ndani hana wa kumsemea Mei Mosi, CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini, kipo lakini hakimfikii aliyefungiwa getini.

Nani anamfikia? Jumapili anatoka kwenda kanisani. Hiyo ndiyo ruhusa pekee anayopewa.

---

Mama Duka Mbezi

Wangu ni Muislamu na anapata zaidi ya hiyo. Ila nimekusikia.

---

Nyali wa Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Wacha niongeze ya Kenya, kwani kuna njia nyingine viongozi wa dini huingilia. Madaktari wetu wa hospitali za umma waligoma kuanzia Desemba 5, 2016. Viongozi wao walitupwa jela mwezi Februari, wagonjwa wanateseka, serikali imekaza. Waliokuja kukalisha pande zote mbili mezani hadi mkataba wa kurudi kazini ukatiwa sahihi Machi 14, 2017 ni viongozi wa dini. Siku mia moja hivi.

Lakini tazama kazi yao ilikuwa ipi. Walikuwa wapatanishi, wamesimama katikati. Na hospitali za misheni ndizo zilizokuwa zimebeba wagonjwa wakati wote wa mgomo, kwa hivyo nao walikuwa na haja ya mgomo kuisha. Mpatanishi hutaka amani, hatazami sana nani amebaki na nini mfukoni. Hii ya London ni kitu kingine, kule kanisa lilikuwa upande wa mfanyakazi waziwazi. Mimi sijui kama maaskofu wetu wangeweza kukubali kukosana na mheshimiwa anayechanga harambee ya paa.

---

Mtu wa Alfajiri

Nyali, hapo kwenye harambee umegonga. TELCO walikuwa na kanuni ambayo mwanzoni niliiona ya kibahili: kila taasisi mwanachama inalipa ada yake ya mwaka, kubwa kwa ndogo. Nilidhani ni ada tu. Baadaye nikaelewa kwamba mshahara wa waratibu ulitoka humo, kwa hiyo meya au benki hakuwa na mfereji wa kuufunga. Paa likijengwa na mheshimiwa, swali la ndiyo au hapana huwezi kumuuliza.

---

Mjukuu wa Bibi Tukuyu (Marekani)

Huku niliko watu hawaisahau Memphis ya 1968, na naona hakuna aliyegusa. Februari 1 mwaka ule wazoa taka wawili Weusi, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua nyuma ya gari la taka, mtambo wa kushindilia ukawaka wenyewe ukawasaga. Siku chache baadaye wenzao 1,300 wakagoma. Meya Henry Loeb akasema mgomo ni haramu, hajadiliani.

Wachungaji mwanzoni hawakuwa pamoja. Wengi waliingia baada ya Februari 23, polisi walipowapulizia waandamanaji dawa ya kuwasha, na wachungaji wakiwemo. Mchungaji James Lawson akaongoza kamati, maandamano ya kila siku yakatoka Clayborn Temple, na makusanyo ya makanisani yakanunua unga na kulipa kodi za waliogoma. Hii ya mwisho haisemwi sana. Mgomo ulidumu siku 65. Mtu hagomi siku 65 kwa kula mahubiri.

Martin Luther King aliuawa Aprili 4 akiwa amekuja kwa ajili yao. Makubaliano yakaja Aprili 16: chama kutambuliwa, na nyongeza ya senti 10 kwa saa, halafu senti 5 baadaye. Gharama yote ile kwa senti 15. Ila chama kilibaki, na ndicho kilichoendelea kudai.

---

Shemasi Mstaafu

Vijana, mnaongea kana kwamba kwetu hakukuwahi kuwa na kitu. VIWAWA mnaijua kama kwaya, mafungo na fulana za rangi moja. Ni tawi la mti uliopandwa Ubelgiji mwaka 1925 na padre Joseph Cardijn kwa ajili ya vijana wa viwandani: Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Njia yao ilikuwa ona, amua, tenda. Kijana anakwenda kiwandani wiki nzima, anarudi kikundini na jambo aliloliona, si jambo alilosikia. Mashine isiyo na kinga, msichana anayesumbuliwa na msimamizi. Kikundi kinalipima kwa Injili kisha kinakubaliana nani atafanya nini kabla ya mkutano ujao.

Na mafundisho yapo tangu 1891. Papa Leo XIII aliandika kwamba hata mwajiri na mwajiriwa wakipatana kwa hiari, bado kuna haki iliyo juu ya mapatano yao: ujira usiwe mdogo kuliko unaomtunza mfanyakazi mwenye kiasi. Huyu Papa wa sasa alisema wazi mwaka 2025 kwamba kuchagua jina Leo kulihusu waraka ule. Kwa hiyo hata Mama Duka akisema dada alikubali mwenyewe, haitoshi, na simsemi yeye peke yake.

Lakini nawaonya kitu. Jumuiya ndogo ndogo ni nyumba kwa nyumba. Tajiri na mtumishi wake wako jumuiya moja, wanasali sebule ya tajiri. Huyo mtumishi atasema nini mbele ya sofa za bosi wake?

---

Mtu wa Alfajiri

Shemasi, shikamoo. Umegusa ninachokiogopa zaidi. Jibu la kule lilikuwa kwamba wafanyakazi hawaongei mara ya kwanza mbele ya wote. Wanakutana kwanza wenyewe kwa wenyewe, wafanya usafi kumi kwenye chumba cha nyuma cha parokia, mlango umefungwa, hadi wajue wako wangapi na wanataka nini. Abdul Durrant hakuamka siku moja akasimama mbele ya mwenyekiti wa benki. Nyuma yake kulikuwa na miaka miwili ya vikao vya namna hiyo, na siku yenyewe hakwenda peke yake.

Na mara nyingi anayeuliza hadharani si yule atakayefukuzwa. Ni sista, ni imamu, ni mwanafunzi. Nyumba ya ibada inatoa hicho hasa: mtu asiye na kibarua cha kupoteza, anayesimama mbele ya aliye nacho.

---

Lindo la Tegeta

Mkuu, naomba kuuliza kwa vitendo. Sisi walinzi tunaosali usharika mmoja tuko kama saba, kampuni tofauti. Mchungaji tunamfahamu, ni mtu wa kusikiliza. Mmoja wetu aliachishwa wiki mbili zilizopita kwa sababu aliuliza kuhusu NSSF. Tuanzie wapi? Tusije tukaachishwa wote.

---

Kijiti cha Ilala

Huyo aliyeachishwa asisubiri mchungaji! Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu siku aliyoachishwa. Madai mengine, kama mishahara na saa za ziada, ni siku 60. Zikipita anaanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa, na wengi wanaangukia hapo. Aende ofisi ya CMA ya eneo lake wiki hii, na barua ya kuachishwa kama anayo, kitambulisho cha kazi, hata meseji za malipo kwenye simu. Kujaza fomu hakuhitaji wakili.

---

Mtu wa Alfajiri

Sikiliza ushauri wa Kijiti kwanza, leo hii.

Kwa nyinyi sita mliobaki: kutaneni wenyewe, mahali ambapo hakuna bosi wala mpambe wake. Kila mmoja aje na namba zake kwenye karatasi: saa anazofanya, anachopokea mkononi, anachokatwa na kwa jina gani, salio la NSSF lilivyo. Msizungumze manung'uniko, andikeni namba. Mkishaona zinafanana, ndipo mwende kwa mchungaji, wawili au watatu, na msimwombe atoe tamko. Mwombeni mambo mawili tu. La kwanza, awaoneshe mkataba wa kampuni inayolinda usharika wenyewe: mlinzi wa pale anapokea ngapi katika kile kinacholipwa. La pili, awakutanishe na yule mwenye jengo lako anayeleta pilau, kama anasali hapo hapo. Unasema ni mtu mwema, basi aulizwe kama yuko tayari kuandika kwenye zabuni ijayo kwamba mlinzi alipwe si chini ya kiasi fulani, na karatasi ya mshahara aioneshwe kila mwezi.

Mkandarasi hatapenda, ila hatakuwa na kisingizio cha zabuni.

---

Lindo la Tegeta

Mwenye jengo ni mzee wa kanisa. Safu ya pili kutoka mbele.

---

Chaki Nyeupe

Na sisi walimu tunaoambiwa ni utume? Mwenye shule ndiye mwenye zabuni, ndiye mkandarasi, ndiye mchungaji.

---

Kofia ya Kiua

Chaki, wazazi. Ada inatoka kwa nani?